Wanaume sita kwenye orodha fupi: uchambuzi wa kisa cha tuzo moja ya riwaya za kisayansi

Kisa chenyewe kwa ufupi

Mapema Aprili 2013, Tuzo ya Arthur C. Clarke, inayotolewa kila mwaka kwa riwaya bora ya kisayansi (bunilizi inayowazia sayansi na mambo yajayo) iliyochapishwa Uingereza, ilitangaza orodha fupi ya vitabu sita. Vyote sita vilikuwa vimeandikwa na wanaume. Jopo lililoviteua lilikuwa na majaji watano, na wanne kati yao walikuwa wanawake.

Jambo hilo la mwisho ndilo lililonifanya nikichague kisa hiki. Jopo lingekuwa la wanaume watupu, kila mtu angesema sababu anaijua, na mjadala ungefungwa siku hiyo hiyo. Hapa jibu la haraka halifanyi kazi. Wanawake wanne walisoma vitabu vyote kwa bidii, wakajadiliana na mwenzao, wakatoka na orodha isiyo na mwanamke hata mmoja. Ikiwa hakuna aliyekula njama, basi uwiano ulipotea mahali pengine kabla ya kikao kile, na pahali hapo panaweza kutafutwa.

Majina ya majaji, ya waandishi sita na ya mhariri mmoja nitakayemtaja baadaye nimeyaacha. Nataka msomaji autazame utaratibu, kwa sababu watu walewale wangewekwa ndani ya utaratibu mwingine wangetoa orodha nyingine.

Usuli

Tuzo hii ilianza kwa fedha alizotoa Arthur C. Clarke, mwandishi Mwingereza aliyehamia Sri Lanka na kuishi huko hadi kufa kwake mwaka 2008. Ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1987. Kitita chake si kikubwa: tangu 2001 mshindi hupewa pauni zinazolingana na namba ya mwaka, kwa hiyo wa 2013 alipata pauni 2,013. Uzito wake uko kwenye heshima. Kitabu kilichoingia orodha fupi hupata nafasi madukani, huandikwa magazetini, na mwandishi wake huingia kwenye mazungumzo ya mkataba ujao akiwa na cha kuonyesha.

Majaji hawajichagui. Wawili hutoka Chama cha Bunilizi ya Kisayansi cha Uingereza, wawili hutoka Wakfu wa Bunilizi ya Kisayansi, na katika miaka ile jaji wa tano alitoka tamasha la filamu za kisayansi la London. Mwenyekiti huongoza kikao lakini hapigi kura. Vitabu huletwa na wachapishaji wenyewe. Majaji wakiona kuna kitabu kinachostahili na hakijaletwa, wanaruhusiwa kukiagiza. Msomaji aukumbuke utaratibu huo wa kuleta na kuagiza, maana kisa kizima kimekaa juu yake.

Sasa historia, na hii huwashangaza hata wanaoifuatilia tuzo hii kwa karibu. Mshindi wa kwanza kabisa, mwaka 1987, alikuwa Margaret Atwood. Wakafuata Rachel Pollack mwaka 1989, Pat Cadigan mwaka 1992, Marge Piercy mwaka 1993, Cadigan tena mwaka 1995, Mary Doria Russell mwaka 1998, Tricia Sullivan mwaka 1999 na Gwyneth Jones mwaka 2002. Hesabu mwenyewe: katika tuzo 16 za mwanzo, nane zilikwenda kwa wanawake. Nusu kamili, katika tawi la fasihi ambalo watu wengi huliona la wanaume.

Kisha, kuanzia 2003 hadi 2010, tuzo zote nane zilikwenda kwa wanaume. Mwaka 2011 alishinda Lauren Beukes wa Afrika Kusini, na mwaka 2012 akashinda Jane Rogers. Kila moja ya orodha hizo mbili ilikuwa na wanawake wawili kati ya sita. Kwa hiyo aliyeitazama tuzo hii mwanzoni mwa 2013 alikuwa na haki ya kuamini kwamba ukame umekwisha.

Mfululizo huu unakanusha imani moja iliyozoeleka, kwamba wanawake walichelewa kuingia kwenye uandishi huu na kwamba muda ukipita uwiano utakuja wenyewe. Katika tuzo hii walikuwepo tangu mwanzo na walishinda. Baadaye walipungua. Kitu kilichoweza kupungua baada ya kuwepo hakiponywi na muda peke yake.

Marekani hali ilikuwa na sura yake. Tuzo za Hugo, zinazopigiwa kura na wasomaji wenyewe, zilianza mwaka 1953, na ilichukua hadi 1968 mwanamke kushinda kwa kazi ya kubuni: Anne McCaffrey. Riwaya bora ilifika kwa mwanamke mwaka 1970, naye ni Ursula K. Le Guin. Halafu kuna kisa cha James Tiptree Jr., aliyeshinda Hugo na Nebula, tuzo inayopigiwa kura na waandishi wenyewe, katika miaka ya 1970 bila yeyote kumwona uso. Mwaka 1975 mwandishi mwenzake mashuhuri aliandika kwa kujiamini kwamba uandishi wa Tiptree una uanaume usiopingika. Muda si mrefu ikajulikana kwamba Tiptree ni Alice Sheldon, mwanamke aliyekuwa amewahi kufanya kazi jeshini na katika shirika la ujasusi la Marekani. Waliokuwa wakidai kwamba wanaweza kunusa jinsia ya mwandishi kwenye sentensi zake walipata jibu lao hapo.

Mambo yalivyokwenda

Vitabu vilianza kuwafikia majaji mwaka 2012, vikija kwa mafungu kutoka kwa wachapishaji mbalimbali. Mwishowe vilifika 82. Hata kwa makadirio ya kurasa 300 tu kwa kila riwaya, jaji mmoja alikuwa na zaidi ya kurasa 24,000 za kusoma ndani ya miezi michache, na nyingi za riwaya hizi huzidi 300 kwa mbali. Nalitaja hili kwa sababu jaji aliyezama kwenye rundo la aina hiyo ana nguvu kidogo sana iliyobaki ya kwenda kutafuta vitabu ambavyo hakuletewa. Ruhusa ya kuagiza ipo kwenye kanuni, lakini muda wa kuitumia umekwisha kuliwa.

Kabla ya kutangaza orodha fupi, waendeshaji wa tuzo waliweka hadharani majina ya vitabu vyote 82. Mtu yeyote mwenye kalamu angeweza kuhesabu: vitabu vya wanawake vilikuwa takriban kimoja kati ya vitano. Kelele hazikuanza siku hiyo. Zilianza orodha ya sita ilipotoka.

Lawama za kwanza ziliwaangukia majaji, na makali zaidi yaliwapata wale wanne. Wapo walioona kwamba wamewaangusha wenzao. Upande wa pili wakatokea wa kusema kwamba ubora hauna jinsia na kwamba kuhesabu ni kuishusha fasihi. Pande zote mbili zilikuwa zikitazama mlango uleule wa mwisho, kikao cha majaji, kana kwamba vitabu 82 vilidondoka kutoka mbinguni.

Mmoja wa majaji wanawake alijitokeza kueleza. Kwa maelezo yake, jopo liliiona sura ya orodha ile, lakini halikuteua kwa kuangalia jinsia ya mwandishi. Wanawake walikuwa wachache tangu kwenye vitabu vilivyoletwa, na sehemu kubwa ya vitabu vyao ilielemea kwenye fantasia, yaani hadithi za miujiza na uchawi, kuliko kwenye sayansi.

Mwanzoni mwa Mei mshindi akatangazwa, mmoja wa wale sita. Mjadala haukuisha. Mwezi Julai mwaka huohuo mhariri wa kampuni kubwa ya uchapishaji ya London, naye mwanamke, alifanya jambo ambalo wahariri hawana kawaida ya kulifanya: alitoa hadharani hesabu ya miswada iliyofika mezani kwake. Ilikuwa 503, na ya wanawake ilikuwa asilimia 32. Akaichambua kwa aina. Kwenye riwaya za kisayansi wanawake walikuwa asilimia 22. Kwenye fantasia ya kihistoria na ya mashujaa walikuwa asilimia 33. Kwenye hadithi za kutisha walikuwa asilimia 17. Kwenye fantasia ya mjini, yaani miujiza ndani ya miji, na mapenzi ya kimiujiza walikuwa asilimia 57. Kwenye vitabu vya vijana walikuwa asilimia 68.

Binafsi naihesabu taarifa hiyo kuwa tukio kubwa kuliko orodha fupi yenyewe. Kwa mara ya kwanza katika mjadala huu mtu aliyekaa mlango mmoja nyuma ya majaji alifungua daftari lake.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa wachapishaji: kipi tulete. Mchapishaji hana kawaida ya kuleta kila alichokitoa. Huleta anachodhani kinafanana na tuzo. Riwaya ya mwanamke inayoelezea dunia ya miaka mia ijayo ikiwa imetolewa na idara ya vitabu vya vijana, au na idara ya fasihi ya kawaida isiyotaka kunukia roketi, huenda isifike kwa majaji kamwe, kwa kuwa wa idara ile hawajioni kuwa sehemu ya mambo haya. Hapa hakuna chuki. Ni mazoea ya ofisi, na mazoea hayana mtu wa kumlaumu, ndiyo maana ni magumu kuyang'oa.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa majaji juu ya mpaka: sayansi inaishia wapi na fantasia inaanzia wapi. Tuzo ya Clarke haina fasili rasmi. Kila jopo huamua lenyewe. Mwaka 2013 jopo lilishikilia mpaka ulio karibu na sayansi, na kila jopo lina haki hiyo. Ila kitabu kilichoshinda mwaka 2011 kinasimulia Johannesburg ambamo watu waliotenda maovu hufungamana na mnyama kwa nguvu za kimiujiza. Jopo la mwaka ule lilikikubali. Na kwenye orodha fupi ya mwaka huohuo kulikuwa na kitabu cha vijana, kimeandikwa na mwanamume. Ina maana kwamba milango ya fantasia na ya vitabu vya vijana, ambako wanawake walikuwa wengi zaidi, ilikuwa imekwisha kufunguliwa mara mbili kabla ya kurudishwa.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kutangaza orodha kama ilivyo. Jopo lingeweza kuingiza kitabu cha mwanamke mmoja ili kuepusha maneno. Halikufanya hivyo, na naamini lilifanya sawa. Mwandishi anayewekwa kwenye orodha ili kuziba pengo hujua, wasomaji hujua, na kitabu chake hubeba mashaka ambayo hakikuyatafuta. Zaidi ya hayo, orodha iliyopakwa rangi ingeuficha ugonjwa: kelele za 2013 zisingekuwepo, na daftari la mhariri lingebaki limefungwa.

Uamuzi wa nne, wa kutangaza vitabu vyote vilivyoletwa, ulifanywa kabla ya yote haya na kwa sababu nyingine, kuwachangamsha wasomaji. Ndio uliotupa uwezo wa kukijadili kisa hiki kwa ushahidi.

Matokeo

Mwaka uliofuata vitabu vilivyoletwa vilipanda hadi 121. Orodha fupi ya 2014 ilikuwa na wanawake wawili, na mshindi akawa Ann Leckie kwa riwaya yake ya kwanza, ambayo mwaka huohuo ilichukua pia Hugo na Nebula. Mwaka 2015 orodha ilikuwa na wanawake watatu kati ya sita na mshindi alikuwa Emily St. John Mandel. Baadaye walishinda Anne Charnock mwaka 2018, Namwali Serpell wa Zambia mwaka 2020, na Laura Jean McKay mwaka 2021.

Haitakuwa haki kusema kwamba kelele za 2013 ndizo zilizoleta ushindi wa 2014. Riwaya ya Leckie ilitoka mwezi Oktoba 2013, na kitabu huandikwa na kuhaririwa miaka kadhaa kabla ya kutoka. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba baada ya 2013 mjadala ulihama. Watu wakaanza kuuliza vilivyoletwa ni vingapi na vya nani, kabla ya kuuliza waliochagua ni akina nani.

Kwenye Hugo matokeo yalikuwa ya vurugu. Kwa miaka kadhaa kikundi kilichodai kwamba tuzo imetekwa na siasa kilipanga kura kwa pamoja, hadi mwaka 2015 wapiga kura wengine wakajibu kwa kuacha vipengele vitano bila mshindi. Kisha N. K. Jemisin akashinda riwaya bora miaka mitatu mfululizo, 2016, 2017 na 2018, jambo ambalo hakuna mwandishi mwingine aliyewahi kulifanya. Mwaka 2017 vipengele vyote vinne vya hadithi, kuanzia riwaya hadi hadithi fupi, vilikwenda kwa wanawake. Waliozoea kuziona orodha za wanaume watupu kuwa jambo la kawaida ghafla waliiona orodha ya wanawake watupu kuwa jambo la kutiliwa shaka.

Uchambuzi

Tuanze na hesabu ndogo ambayo kila mwendesha tuzo anapaswa kuijua. Chukua vitabu 82 ambamo kimoja kati ya vitano ni cha mwanamke. Chota sita bila kuangalia lolote, kwa bahati nasibu. Uwezekano wa kupata sita vyote vya wanaume ni kama asilimia 26. Yaani hata majaji wangekuwa malaika, orodha kama ya 2013 ingetokea takriban mara moja katika kila miaka minne. Ukiongeza sehemu ya wanawake hadi theluthi, uwezekano unashuka karibu na asilimia tisa. Ukifika nusu kwa nusu, ni mara moja katika 64.

Hesabu hiyo inawaondolea majaji wanne mzigo waliotwishwa bila haki. Pia inawanyima usingizi wale waliosema ubora hauna jinsia. Wakiamini kweli kwamba ubora umegawanyika sawa, basi wanapaswa kushtuka zaidi ya wengine wote kwa kuwa mlangoni aliingia mwanamke mmoja kwa kila wanaume wanne. Vitabu bora visivyoandikwa, visivyonunuliwa au visivyoletwa ni hasara ya ubora wenyewe.

Sasa linganisha namba mbili. Asilimia 22 ya miswada ya kisayansi kwenye meza ya mhariri, na takriban asilimia 20 kwenye vitabu vya tuzo. Zinakaribiana mno. Ingawa meza moja ya mhariri haiwakilishi London yote, haielekei kwamba kati ya mswada kupokelewa na kitabu kufika kwa majaji wanawake walichujwa kwa wingi. Upungufu mkubwa ulikuwa umetokea kabla, pale ambapo mwandishi au wakala wake aliamua auite mswada nini na aupeleke wapi. Mhariri aliutumia ushahidi huu kujitetea: hatuwezi kuchapisha tusicholetewa. Sehemu ya hoja yake ni kweli, na alistahili shukrani kwa uwazi wake. Lakini meza yake haikujaa kwa bahati. Mwandishi mwanamke hutazama rafu za duka. Akiona majina ya riwaya za kisayansi ni ya wanaume na majina ya fantasia ya mjini ni ya wanawake wenzake, atauandika mswada wake, au ataupa jina, ili uelekee huko. Wakala anayeishi kwa asilimia ya mauzo atamshauri vivyo hivyo. Baada ya miaka michache meza ya mhariri inaonyesha kile ambacho rafu zilifundisha, naye anakisoma kama chaguo huru la waandishi.

Nadhani hapo ndipo ilipo siri ya ile miaka minane, 2003 hadi 2010, baada ya nusu kwa nusu ya mwanzo. Uwezo wa wanawake kuandika juu ya sayansi haukupotea ghafla mwaka 2003. Vitabu vya vijana na fantasia ya mjini vilipanuka sana katika muongo huo, vikalipa, na vikawapokea. Asilimia 68 ya miswada ya vijana ni watu halisi waliokuwa wakiandika mambo yajayo, tawala za kidhalimu, magonjwa na mashine, chini ya jalada lenye jina jingine. Tuzo ilibaki imesimama pale ilipozoea, ikashangaa mbona watu hawapiti.

Kilichofanya kazi katika kisa hiki ni uwazi, tena ule wa namba. Orodha ya vitabu vyote 82 iliwekwa wazi kabla ya matokeo, daftari la mhariri likafunguliwa, na jaji akakubali kueleza badala ya kununa. Bila mambo hayo tungebaki kurushiana maneno kuhusu nia za watu.

Kilichoshindikana ni kwamba hakuna aliyehesabu kwa wakati. Namba za mlangoni zilijulikana kabla ya orodha fupi, na majaji walikuwa na ruhusa ya kuagiza vitabu. Zingewekwa mezani mapema, mwenyekiti angeweza kuwaandikia wachapishaji tena: mmetuletea hivi, je, hakuna vingine kwenye idara ya vijana na ya fasihi ya kawaida? Barua moja ya aina hiyo haimpendelei mtu yeyote. Inaongeza vitabu vya kusomwa, na hukumu inabaki palepale, kwenye ubora.

Kuongeza majaji wanawake, ambayo huwa dawa ya kwanza kutajwa, kulikuwa kumekwisha kufanyika na hakukutosha. Kuna sababu nzuri za kuwa na jopo mchanganyiko, na sitaki mtu asome kisa hiki kama hoja ya kulifuta. Ila atakayedhani kwamba kazi imekwisha akishapanga viti vya majaji atapata orodha ya 2013.

Na dawa ya kuanzisha tuzo ya pembeni? Uingereza ilikwisha kuijaribu kwenye fasihi ya kawaida. Mwaka 1991 orodha fupi ya Booker, tuzo kubwa ya riwaya ya Uingereza, haikuwa na mwanamke, na hasira zile ndizo zilizozaa tuzo ya riwaya za wanawake iliyoanza kutolewa mwaka 1996, ambayo leo ina heshima kubwa. Kwenye bunilizi ya kisayansi, mwaka huohuo wa 1991, Pat Murphy na Karen Joy Fowler walianzisha Marekani tuzo kwa jina la Tiptree, wakichangisha fedha kwa kuuza keki. Hiyo haikuwa ya wanawake peke yao. Ilitafuta kazi zinazochunguza jinsia kwa undani, na tangu 2019 inaitwa Otherwise. Tuzo za aina hii hufanya kazi ambayo tuzo kubwa haifanyi, kwa kuwa huwaonyesha wasomaji vitabu vilivyopitwa. Hazitengenezi mlango wa tuzo kubwa, na hilo si kosa lao.

Mlango wa namna nyingine: mfano kutoka Mombasa

Kuna kisa kidogo cha kwetu kinachoonyesha mlango ukiwekwa tofauti. Khadija Abdalla Bajaber ni mwandishi wa Mombasa. Riwaya yake ya kwanza, aliyoiandika kwa Kiingereza, ni ya binti wa Kihadhrami anayeingia baharini kumtafuta baba yake mvuvi, akisindikizwa na paka anayesema. Tukiiacha ipite kwenye njia ya London niliyoieleza hapo juu, ingeitwa nini? Fantasia? Ya vijana? Fasihi ya pwani? Idara gani ingeipeleka kwenye tuzo gani?

Haikupita njia hiyo. Mwaka 2018 mswada wake ulishinda, kwa mara ya kwanza kabisa, tuzo ya mchapishaji wa Marekani Graywolf kwa Afrika, iliyopokea miswada ya riwaya za kwanza za waandishi wanaoishi barani. Kitabu kikatoka mwaka 2021. Mwaka 2022 kikachukua Tuzo ya Ursula K. Le Guin, nayo ikitolewa kwa mara ya kwanza, yenye kitita cha dola 25,000. Tuzo ya Le Guin hupokea mapendekezo kutoka kwa wasomaji wote, bila kungoja idara ya mauzo iamue. Milango miwili, mmoja wa mswada na mmoja wa msomaji, na yote miwili ilimkwepesha pale ambapo waandishi wa vitabu vya vijana, wale wa asilimia 68, walikwama.

Tuzo ya Kiswahili ya Safal iliyoanzishwa mwaka 2014, ambayo mwanzoni ilijulikana kama Mabati-Cornell, nayo hupokea miswada ambayo haijachapishwa. Katika duru ya kwanza, mwaka 2015, mshindi wa kwanza wa nathari alikuwa Anna Samwel Manyanza. Si tuzo ya riwaya za kisayansi, lakini iko huru kupokea riwaya ya kisayansi ikiandikwa kwa Kiswahili, na naomba kwa moyo wote waandishi wetu wanawake waipelekee.

Kwa anayeendesha tuzo yoyote ya Kiswahili, iwe ya gazeti, ya chuo au ya taifa, kuna kazi moja ya kufanya kabla ya duru ijayo. Siku ya mwisho ya kupokea kazi, kabla jaji yeyote hajafungua bahasha, karani ahesabu: kazi ngapi zimeletwa, za wanawake ngapi, za aina gani, kutoka mikoa au kaunti zipi, na zimeletwa na mwandishi mwenyewe au na mchapishaji. Karatasi hiyo ampe mwenyekiti. Mwenyekiti akiona wanawake ni mmoja kati ya watano, asogeze tarehe ya mwisho kwa wiki tatu na kuwapigia simu wachapishaji, walimu wa uandishi na vikundi vya wasomaji. Orodha fupi ikitoka, karatasi ileile itangazwe pamoja nayo.